Barua Niliyomsomea Baba

Alhamisi, mwezi wa saba. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ile ya Kibra inayoingia hadi kwenye mifupa, na udongo mwekundu umeganda kwenye viatu vyangu vya kazini ingawa kazini sikwenda. Kifua kimenibana. Nilituma neno ofisini kwamba naumwa, na hilo peke yake ndilo la kweli nililolisema leo.

Leo nimemdanganya baba yangu mzazi. Nimemdanganya kwa kumsomea barua.

Nimekaa kibarazani na daftari hili magotini. Alasiri imeadhiniwa, Baba amekwenda msikitini hapa Makina, na barua amekwenda nayo. Ameikunja mara mbili akaitia kwenye mfuko wa kanzu, upande wa moyo. Pengine sasa hivi anamwonyesha imamu. Pengine inazungushwa kwa wazee wenzake, askari waliostaafu, ambao hakuna hata mmoja anayejua kusoma Kizungu, alhamdulillahi. Ona, nimemshukuru Mungu kwa kuwa wazee wangu hawakusoma. Nimefika huko.

Kama siku moja mtu atalikuta daftari hili na kutaka kujua mwoga huyu ni nani, jina langu ni Fadhili, karani ofisini kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, mjini. Baba ni Shaushi Almasi. Shaushi ni cheo, sajini kama wanavyosema askari wa siku hizi, na hakuna mtu Kibra anayemwita Baba bila cheo hicho. Hata mke wangu Zena, akimpelekea uji, humwita Baba Shaushi. Wazee wetu walitoka Sudani na bunduki za serikali mabegani, wakapigana kila walikotumwa, na walipochoka serikali ikawaambia haya, kateni msitu huu, jengeni, fugeni. Kila askari mzee akapewa pasi ya shamba yenye namba yake. Karatasi ile ndiyo nyumba. Ukikosa karatasi, wewe ni mtu uliyelala kwenye ardhi ya Mfalme bila kukaribishwa.

Nianze na bunduki, maana balaa lote lilianzia hapo.

Mwaka jana, masika yalipokwisha, Bwana Shauri aliitisha baraza pale uwanjani na mimi nikawa mkalimani. Alisema baada ya vita kubwa ya Wazungu bunduki zilibaki nyingi mno huko kwao, na wafanyabiashara wakawa wanazipakia melini na kuja kuziuza Afrika kwa bei ya mbuzi. Kwa hiyo mataifa makubwa yamekaa pamoja Ulaya, yamekubaliana, yametia sahihi. Bunduki haziuzwi tena Afrika ila kwa ruhusa. Zilizopo zipigwe mhuri na kuandikwa kwenye buku. Zisizo na kibali zirudishwe kwa serikali, ziharibiwe.

Watu waliguna. Mzee mmoja wa nyuma akasema kwa Kinubi kwamba waliozitengeneza ndio wanaotukataza. Hilo sikulitafsiri.

Lakini mimi, ukiniuliza, sheria ile naipenda. Naandika bila haya. Kaka yangu Sebiti aliuawa Kaskazini, mpakani, akiwa askari kama Baba. Waliomuua walikuwa wezi wa ngamia, vijana wadogo kuliko yeye, na askari wenzake walioleta nguo zake walituambia bunduki zao zilikuwa mpya kuliko za serikali, mafuta ya kiwandani yangali yakinuka. Hakuna aliyezitengeneza huko jangwani. Mtu alizipakia mahali fulani, mtu akazipokea pwani, mtu akachukua chake katikati, na mwisho wa safari yote hiyo akawepo mtoto wa Makina. Mama alifuata mwaka uliofuata. Alikuwa haumwi chochote.

Baba alikuwa wa kwanza kusimama siku ile ya baraza. Alikwenda nyumbani, akarudi na bunduki yake begani, akipiga hatua za gwaride kwenye matope. Ilikuwa bunduki kuukuu ya risasi moja moja. Aliibeba tangu ujana wake, na jeshi lilipoletewa mpya kapteni wake akamwachia ile. Ilikaa juu ya mlango wetu kwenye misumari miwili, na mara ya mwisho kulia ilikuwa arusi yangu na Zena. Sebiti alipokufa, Baba aliichukua nishani yake mwenyewe, ile ya fedha ya vita kubwa, akaifunga kwa waya kwenye kitako cha bunduki. Hakutuambia kwa nini. Na alipoileta pale mezani kwangu, nishani ilikuwa bado imening'inia. Nilimnong'oneza aifungue kwanza. Akasema hivyo viwili haviachani.

Kisha akawageukia watu akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, kwamba yeye amekwisha kuzika, na hataki bunduki yake imfikie mtu mwingine azike. Kwamba wazivunje, wazitupe baharini, papa wafanye nazo vita. Watu walicheka, hata Bwana Shauri nilipomtafsiria alicheka. Baada ya hapo wazee wakapanga mstari, kila mmoja na chuma chake.

Nilijivuna siku hiyo. Nilijivuna kwa muda wa kama dakika mbili.

Kwa sababu nilipoigeuza bunduki kusoma namba iliyochorwa kwenye chuma, mkono wangu ulisimama. Moja, saba, tatu, sita. Namba hiyo naijua. Nimeiona tangu utoto kwenye pasi ya shamba, ndani ya sanduku la Mama. Ni namba ya Baba.

Nilielewa papo hapo, na asiyezaliwa na askari wa zamani asingeelewa. Siku zile walipoandikishwa, kijana hakufundishwa namba yake. Nani angeiuliza? Alifundishwa namba ya bunduki. Kila asubuhi kwenye mstari efendi, afisa wao, alipita, na kila mtu aliitaja ya kwake kwa sauti, na aliyekosea alilazwa chini akala kiboko. Baba mpaka leo ukimshtua usingizini atasema kwa Kinubi: wai, saba, talata, sita. Basi alipostaafu, karani wa pasi alipomuuliza "namba yako?", Baba alikaza mgongo akataja namba aliyopigiwa kiboko kuishika. Karani akaandika. Tangu siku hiyo, kwa serikali, baba yangu na bunduki yake ni namba moja.

Nilipaswa kunyanyua kichwa na kusema. Bwana Shauri alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu.

Sikusema. Baba alikuwa amesimama pale kidete, mkono kwenye paji la uso, amepiga saluti, na mji mzima unamtazama. Nimwambie Mzungu mbele za watu kwamba shujaa huyu hajui hata namba yake? Nilijiambia ni heshima. Leo naandika neno lenyewe: ilikuwa aibu, na haikuwa aibu yake, ilikuwa yangu. Mimi mwana wa shule, mwenye kalamu sikioni, niliona haya kwa baba yangu. Mficha uchi hazai, walisema wakubwa.

Haikuishia hapo. Mwezi uliopita niliambiwa niandike upya orodha safi ya namba zote zilizorudishwa, kwa sababu ripoti ilitakiwa kwenda ng'ambo, kuonyesha kwamba koloni letu limetimiza maagano. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule ninaosifiwa. Juu ya karatasi nikaweka kichwa: Askari Wazee wa Kibra, Namba Zilizofutwa. Neno bunduki sikuliandika. Ofisi nzima ilijua ni bunduki, ya nini kurefusha? Na mbele ya kila namba nikaandika kama nilivyoagizwa: imeharibiwa.

Nakala moja ikakaa kwenye meza ya mambo ya ardhi. Karani mpya wa meza hiyo, kijana mwenye bidii, maskini, akadhani ni namba za wazee waliokufa, akailinganisha na pasi za shamba za Kibra. Namba za wazee wengine hazikukutana na kitu, maana bunduki zao hazikuwa zile za ujana wao. Moja ilikutana.

Tarishi wa serikali alifika leo saa sita, baiskeli yake imejaa tope. Nilikuwa nimejifunga blanketi. Baba ndiye aliyeipokea bahasha, akaigeuza, akaona mhuri mwekundu, akanisimamia kama mtoto anayesubiri sikukuu. Nilifungua, nikasoma kimya kimya. Kwamba mwenye pasi namba moja saba tatu sita ametambulika kuwa hayupo tena. Kwamba haki yake ilikuwa ya maisha yake tu na wanawe hawairithi. Kwamba nyumba na shamba virudi serikalini na waliomo wahame kabla ya mvua za vuli. Na mwisho, kama ilivyo desturi ya barua zao, anayetufukuza amejiita mtumishi wenu mtiifu.

Baba akasema, "Wanasemaje?"

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasoma kwamba serikali inamshukuru Shaushi Almasi kwa kuirudisha bunduki yake kwa hiari. Kwamba jina lake limepelekwa ng'ambo. Kwamba mataifa yote yaliyotia sahihi yamesikia habari za mzee wa Kibra. Nilisoma kwa utulivu, hata vituo niliviweka. Nilipokwama nikashika la mwisho, la kweli, nikasoma "mtumishi wenu mtiifu". Baba alinirudisha hapo mara tatu. Hakuamini. Alisema amekuwa mtumishi wao tangu hajaota ndevu, na leo ndiyo kwanza wao wawe wake.

Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alikwenda mlangoni, akaishika barua juu, kati ya misumari miwili iliyobaki pale bunduki ilipotoka, akaniuliza kama itatosha hapo ikiwekwa kioo.

Akamwita Zena, akamwomba ainyooshe ile sare ya zamani na asugue vifungo kwa majivu. Kesho baada ya swala ya Ijumaa atakwenda mjini, mimi nikiwa mkalimani wake, kumshukuru Bwana Shauri kwa mdomo wake. Na barua ataishika mkononi.

Zena alinitazama. Zena hasomi Kizungu, lakini mimi ananisoma.

Nilikuwa nimeamua niendelee na uongo. Naungama. Nilikuwa nimeshaupanga: kesho asubuhi niseme Bwana Shauri amesafiri, halafu niseme ni mgonjwa, halafu nitafute njia ya chinichini ya kumbembeleza yule karani wa ardhi afute alichofuta. Ningenunua wiki mbili, mwezi. Aliyenivunja ni Mama Njeri.

Mama Njeri hutoka Kawangware kwa miguu, mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso, kutuuzia viazi vitamu na makaa. Amekuja leo kama saa nane. Baba hakumpa nafasi hata ya kutua mzigo, akamtolea barua. Yeye naye hasomi. Aliiangalia, akauona mhuri, akaupitisha kidole. Akamwambia Baba hongera, Shaushi. Akapima viazi, akanywa uji wa Zena, akafunga kamba yake.

Nilimsindikiza hadi kwenye ua wa michongoma, na hapo akanena bila kunitazama.

"Karani, sisi kule kwetu tuliletewa yenye mhuri huo huo, walipotuchukulia shamba. Tulisomewa ilivyo, siku hiyo hiyo. Mume wangu alilia. Lakini viazi tulivichimba vyote, na mihogo, na mbao za paa tulizitoa. Jirani yetu alifichwa na mtoto wake. Yeye, askari wa serikali waliingia akiwa anakula."

Akaondoka zake na manyunyu.

Sina cha kujitetea. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikutoka hata nje ya ua.

Kuna jambo lingine, na hili sijaliandika popote wala sijamwambia Zena. Bunduki zile hazikuharibiwa. Ziko stoo nyuma ya ofisi, zimefungwa mafungu mafungu kwa kamba ya katani. Zilikuwa zipelekwe Mombasa kwa reli zikatupwe baharini, lakini behewa halikupatikana, na ripoti ilikuwa na tarehe yake. Basi tukaandika zimeharibiwa, kwamba zitaharibiwa baadaye. Ndivyo nilivyoambiwa na ndivyo nilivyoandika. Na wiki iliyopita nilizihesabu nikitafuta kasha la wino, nikakuta mbili hazipo. Nikaambiwa rafiki wa mmoja wa mabwana, mwenye shamba huko juu, amezichukua kwa ajili ya chui. Hazina kibali, hazina buku. Zimeharibiwa, kwa mwandiko wangu mzuri.

Kwa hiyo kwenye karatasi moja nimeua bunduki iliyo hai na mzee aliye hai. Mataifa yote yaliyotia sahihi yatasoma na kuridhika.

Namwona Baba anakuja, huyo hapo kwa mbali. Anacheka na mtu. Naweka kalamu.

Naendelea. Magharibi imekwisha kuswaliwa, Zena amewasha taa na ameniletea chai ya tangawizi. Naandika kwa haraka, kwa hiyo mwandiko leo si wa kusifiwa.

Nimemwambia.

Nilimsubiri akae kwenye kiti chake cha ngozi, nikakaa chini, kama nilivyokuwa nikikaa utotoni nikitaka kupigwa yaishe. Nikaiomba barua. Nikamwambia, Baba, sikukusomea iliyomo. Nikaisoma ilivyo, sentensi kwa sentensi, na kuitafsiri. Nilipofika "hayupo tena" Zena akaniwekea mkono begani, nikaimaliza.

Baba hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliuliza tu ni kwa nini wanasema hayupo, na wao wenyewe wamemwona akipiga saluti. Nikamweleza mambo ya namba. Midomo ikamcheza. Alikuwa anaitafuta namba yake ya kweli, ile ya mtu. Hakuipata. Aliniambia polepole, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, kwamba hakuwahi kuijua. Mzee wangu, miaka yote ile ya jeshi. Nililia mbele yake na sioni haya tena.

Zena ndiye aliyekumbuka. Kila Idi alikuwa akiisugua ile nishani kwa majivu na limau, na kwenye ukingo wake, pembeni kabisa, kulikuwa na maandishi madogo yaliyomkera kwa kushika uchafu. Nikaruka. Ofisini nimeona nishani za wazee wengine: kwenye ukingo huwa wamechora jina la askari na namba yake. Namba ya mtu, ya jeshi, isiyobishiwa. Nishani ile ikiwekwa mezani, pasi itasahihishwa na nyumba itabaki.

"Lakini si imetupwa baharini pamoja na bunduki," Baba akasema.

Hapo ndipo iliponibidi niseme na lile lingine.

Nikasema hazikutupwa. Nikasema stoo, kamba ya katani, behewa, ripoti. Nikasema mbili zimechukuliwa. Nilidhani atafurahi, maana kama haikutupwa, nishani ipo, na kama nishani ipo, nyumba ipo. Zena alikuwa tayari ameshika kifua kwa kushukuru.

Baba alisimama. Tangu siku tulipoletewa nguo za Sebiti sijamwona na uso ule.

"Nyumba niliijenga kwa udongo," alisema. "Udongo haujaisha. Bunduki yangu iko wapi, Fadhili?"

Nikasema nadhani iko stoo.

"Unadhani. Kati ya zile mbili, yangu imo?"

Sijui. Nilimjibu hivyo, na ni kweli, sijui. Sikuwa na moyo wa kufungua kamba na kutazama.

Akazunguka chumba. Alisema aliitoa ili isimwue mtoto wa mtu, na kama leo iko kwa mtu asiyejulikana, inalenga asiyejulikana, basi yeye amedanganywa na serikali na amedanganywa na mwanawe, na wa pili ndiye anayemuuma. Alisema risasi haiulizi kama bunduki iliyoitoa imeandikwa kwenye buku. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliye nguoni mwa Baba ni mimi.

Kisha hasira ikamshuka, akakaa, akapapasa kichwa changu, jambo ambalo hajalifanya tangu nitahiriwe. Akasema, "Haya. Kalete kalamu. Wewe si karani?"

Akanitajia maneno na mimi nikaandika, kwa Kiswahili, kwenye karatasi safi ya daftari hili ambayo nimeichana. Yaliyomo ni haya: Mimi Shaushi Almasi wa Kibra, niko hai. Bunduki yangu nayo iko hai, na hilo ndilo ninalokuja kulalamikia. Ifungueni stoo niione kwa macho yangu. Ikiwepo, mwanangu atafungua nishani yangu, na hiyo bunduki mtaivunja mbele yangu kwa nyundo, hata kama mimi ndiye nitakayeshika nyundo. Isipokuwepo, mniambie ni nani anayo, niende nikaidai.

Nikauliza niandike namba gani. Akasema andika jina, namba wataitafuta wenyewe, na chini yake uandike jina la Sebiti. Nikauliza mwisho niweke mtumishi wenu mtiifu, kama desturi. Alifikiri. Akasema hapana, hayo maneno tumewaachia wao.

Najua maana ya kesho. Karatasi hii haiwezi kusomwa bila mimi kukiri kwamba orodha ile ni ya uongo na mwandiko ni wangu. Mabwana walioniagiza hawatakumbuka kuniagiza. Nitafukuzwa, pengine nifungwe, na inawezekana stoo isifunguliwe, na inawezekana ikafunguliwa na bunduki ya Baba ikawa ni moja ya zile mbili, na nishani imekwenda nayo kuwinda chui. Hapo vuli itatukuta nje. Nimemwambia Zena yote haya wakati akisugua vifungo vya sare. Amesema atakwenda kesho asubuhi Kawangware kumuuliza Mama Njeri mbao za paa hutolewaje bila kupasuka. Alisema kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. Nampenda mke huyu.

Baba amelala mapema. Kabla ya kulala aliitundika ile barua yao kwenye msumari mmoja, na hii yetu kwenye wa pili, nafasi ile ile ya bunduki. Aliniuliza zote mbili ni mimi nitakayezisoma mbele ya Bwana Shauri? Nikasema ndiyo, Baba.

Akasema basi uzisome neno kwa neno, kama zilivyoandikwa.